Nilifunga valvu za umeme kwenye maji ya kijiji huko Butiama, watu wakaamini nimewapendelea ng'ombe wa ukoo wangu

Wakuu, poleni na majukumu. Naomba kiti nikae, maana hii ni ndefu kidogo.

Wanaonifahamu humu wanajua nikisimulia habari za sato niliyemvua, sato huyo anakuwaga na ukubwa wa boti. Leo nitajitahidi. Chumvi nitaiweka kwenye vitu vidogo vidogo, ila mkasa wenyewe ni kweli tupu. Wahusika wapo hai na wengine hawanisalimii mpaka leo.

Mimi nakaa Kitaji, Musoma mjini. Nina meza yangu ya kutengeneza simu na redio pale Iringo.

Form four nimeisoma nikiwa na ndevu, masomo ya jioni. Baadaye nikaunganisha na cheti cha elektroniki, jioni vilevile. Darasa letu lilikuwa na mbu wengi kuliko wanafunzi, na nasemaga kila siku, kuna mbu pale walimaliza na credit.

Siku nilipopata cheti nilitembea Iringo nzima kama mimi ndiye niliyeuleta umeme Mara.

Sasa twende Butiama.

Kijijini kwa baba yangu kuna tangi la maji la pampu ya sola. Kutoka kwenye tangi linatoka bomba moja, halafu linagawanyika. Upande wa juu linaenda bustani ya kikundi cha akina mama, wanalima nyanya na kabichi za kuuza Bunda. Upande wa chini linaenda kwenye birika la kunyweshea ng'ombe.

Asubuhi zamu ya bustani. Mchana zamu ya ng'ombe.

Pale kwenye mgawanyiko palikuwa na koki ya chuma imefungwa kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao mtu wa bustani, mwingine anao mtu wa mifugo. Huwezi kuigeuza mpaka wote wawili wawepo. Utaratibu wa haki kabisa, ila taabu yake ni kwamba mmoja akienda msibani, maji yanalala upande wa mwenzake. Matusi yanatoka, fimbo zinanyanyuka, kamati inaitwa.

Mama yangu mdogo, mdogo wake marehemu mama, ameolewa kijiji hichohicho. Alikuwa katibu wa kile kikundi cha bustani. Ndiye aliyesimama kwenye kikao akasema, "Mwanangu amesomea hivi vitu. Anaweza kutufungia mashine ya kugawa maji kwa saa. Mashine haina shemeji wala mjomba."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikaitwa.

Wakuu, nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Kazi yenyewe kwa lugha nyepesi ni hii. Unatafuta valvu mbili za umeme. Ndani ya kila valvu kuna koili, yaani waya mwembamba umezungushwa mara nyingi. Ukiipa umeme inakuwa sumaku, inavuta, maji yanapita. Ukikata umeme inaachia, maji yanafunga. Halafu unatengeneza boksi lenye saa ya kuamua nani afunguliwe.

Ile saa ni dhaifu, haiwezi kuivuta koili yenyewe. Kwa hiyo katikati unaweka chipu ya driver, ina miguu kumi na nane. Saa inanong'ona, driver anapiga kelele.

Nilijenga boksi langu pale pale mezani Iringo. Nikaweka na taa mbili ndogo mlangoni, moja ya bustani na moja ya ng'ombe, ili hata asiyejua kusoma ajue zamu ya nani. Kile kitu kilikuwa kinapendeza, ungeweza kukipeleka harusini kama zawadi.

Nikaijaribu wiki nzima. Sasa hapa ndipo ujinga wangu ulipoanzia, nitaueleza bila kujificha.

Valvu zenyewe zilikuwa zimeshatangulia Butiama, fundi bomba alishazifunga. Mimi mezani sikuwa na valvu. Nikachukua balbu mbili za taa za gari, nikaziweka mahali pa valvu. Balbu zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu, safi kabisa. Majirani zangu wa mezani wakawa wanakuja kuangalia kama sinema.

Ile chipu ina mguu mmoja, wa kumi, ambao unatakiwa kuungwa kwenye chanya ya betri. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha hilo. Lakini kwa balbu, uunge usiunge, hakuna tofauti yoyote. Na ule waya ulikuwa unakatiza katikati ya boksi langu zuri, unaniharibia mpangilio.

Nikauacha mguu wa kumi unaning'inia.

Nikaenda kufunga. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee mpole asiyependa maneno, akaniuliza, "Ile koki ya zamani tuiache hapo kwa tahadhari?"

Nikamwambia, "Mzee, ukiiacha watu wataichezea. Toa kabisa."

Akaitoa. Nikawasha. Tak! Valvu ya bustani ikafunguka. Baadaye tak! Ikafunga, ya ng'ombe ikafunguka. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka nikajisikia kama bwana harusi. Nikarudi Musoma nikiwa na jogoo wa kupewa.

Siku nne zikapita kimya. Siku ya tano asubuhi, mama mdogo akapiga.

"Mwanangu, bustani haipati maji. Yanatoka kidogo kama machozi. Kule birikani ndiyo yanamwagika."

"Mama mdogo, hebu simama mbele ya boksi. Taa ya ng'ombe inawaka?"

"Haiwaki. Inayowaka ni ya bustani."

"Basi ng'ombe wamefungiwa."

"Nimetoka birikani sasa hivi, viatu vimelowa."

"Hayo ni mabaki ya kwenye bomba. Yanamalizikia tu. Zima, subiri dakika, washa."

Wakuu, nilikuwa na simu ya mteja mkononi, kioo kimevunjika, na yeye anasubiri. Nilijibu kama wale wa huduma kwa wateja.

Kesho yake akapiga tena. Sasa sikilizeni alichoniambia, maana mama huyu hajawahi kushika hata bisibisi.

"Mwanangu, nikizima boksi, maji yanakata kote. Nikiwasha, hapo hapo yanakimbilia kwa ng'ombe. Hata kama taa haiwaki."

Fundi yeyote mwenye akili timamu akipewa maneno hayo anajua kila kitu. Mgonjwa amejipima mwenyewe na amekuletea majibu. Mimi nikamjibu nini?

"Mama mdogo, taa haidanganyi. Itakuwa bomba la bustani limeziba. Chimbueni mlikague."

Wakachimba.

Akina mama kumi na moja, kiangazi kile, ardhi ngumu kama sakafu ya benki, wakachimbua bomba kwa majembe kutoka kwenye tangi mpaka bustanini. Wakalifungua. Safi! Hata chura hakuwemo. Wakalifukia.

Wakati huo nyanya zilikuwa zimeanza kutoa maua. Anayelima anajua, nyanya ikikosa maji kwenye maua inayadondosha yote, kama mtu anayekung'uta mkeka.

Siku ya tisa ndipo nikaenda. Jumamosi, asubuhi. Na nilienda kwa sababu mama mdogo alikuwa ameacha kupiga simu. Hicho ndicho kilichonishtua.

Nikaanzia birikani. Birika limejaa, linafurika, pembeni tope mpaka magotini. Ng'ombe wamesimama wametosheka, wanaangalia maji kama watu walioshiba pilau.

Na akina mama wanapanda mlima na ndoo. Wanachota kwenye birika la ng'ombe, wanapeleka bustanini kumwagilia mche mmoja mmoja. Na wachungaji wanawafokea, "Ninyi, msitutilie sabuni humo!"

Baba yangu mkubwa alikuwepo. Yeye ndiye mwenye kundi kubwa pale. Na niwaambie kitu ambacho watu wa kwetu hawahitaji kuambiwa: mimi sijaoa, baba yangu hana ng'ombe, kwa hiyo mahari yangu siku ikifika inatoka kwenye kundi la huyo mzee. Kijiji kizima kinajua.

Akanijia anacheka, akanishika mkono kwa mikono miwili. Maisha yangu yote hajawahi kunisalimia hivyo.

"Mwanangu, umefanya kazi ya kiume."

"Baba mkubwa, kile kitu kimeharibika."

"Eeeh!" Akawageukia wenzake. "Mnasikia? Kimeharibika. Basi na kiendelee kuharibika hivihivi mpaka mvua zije."

Wazee wakacheka mpaka wengine wakashika fimbo wasianguke.

"Baba mkubwa, nasema kweli, ni ubovu."

Akaniinamia sikioni. "Hivyo hivyo. Usibadilishe maneno."

Siku zote hizo hakuna hata mmoja wao aliyepiga simu kusema maji hayafungi. Na kweli, nani ataripoti neema?

Nyuma yangu alikuwa amesimama Mama Nyangeta, mwenyekiti wa kikundi cha bustani, ana ndoo kichwani. Amesikia yote. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Hongera fundi," akasema. "Mahari inanenepa."

Akapandisha na ndoo yake.

Nikaenda kwenye boksi. Nikaigusa ile chipu, ikaniunguza kidole. Taa ya ng'ombe imezima, na chini yake driver wa ng'ombe anapitisha umeme kama mlango uliong'olewa. Na ndipo nikakumbuka: taa zangu nzuri za harusini nilizifunga upande wa saa, kabla ya driver. Zilikuwa zinaonyesha saa imeagiza nini. Hazikuwa zinaonyesha driver amefanya nini.

Yaani mama mdogo aliniambia anachokiona kwa macho, mimi nikaamini taa niliyoifunga mwenyewe, tena vibaya.

Nikang'oa boksi lote. Mwenyekiti wa kamati ya maji akaenda nyumbani kwake, akarudi na ile koki ya zamani na kufuli zake mbili. Alikuwa ameitunza chini ya kitanda. Akaanza kuifunga mwenyewe. Nilitamani atukane.

Jumatatu nikaenda Bunda. Kuna fundi pale wa bodi za friji, anaitwa Bhoke, tulisoma naye jioni. Alikuwaga anakaa nyuma, anasinzia, halafu mtihani ukija anatupita wote.

Akageuza bodi yangu mara moja tu.

"Mguu wa kumi umemfanya nini? Mmegombana?"

"Kwa balbu ilifanya kazi, Bhoke."

"Kwa balbu!" Akaita mpaka jirani yake muuza nati. "Njoo umuone huyu, amepima valvu kwa balbu. Kesho atapima mimba kwa rula."

Nilistahili.

Kwa wasiojua, nawaeleza kama nilivyokuja kuwaeleza kijijini. Balbu ukiikatia umeme inazima, basi. Koili haikubali. Umeme ndani ya koili ni kama fahali uliyemkimbiza kwenye mteremko. Ukimfungia mlango ghafla hasimami, anaupiga kwa kichwa. Transista ya kwenye driver ndiyo mlango. Kila valvu inapofunga, fahali anapiga. Siku ya kwanza mlango unavumilia, ya pili unavumilia, siku moja unavunjika. Na mlango ukivunjika unabaki wazi.

Dawa yake ni dayodi. Ni kijia cha pembeni, fahali anaingia humo, anazunguka mwenyewe mpaka anachoka. Ile chipu inazo dayodi zake ndani, moja kwa kila mlango. Zote zilikuwepo tangu mwanzo. Zilikuwa zinasubiri waya mmoja kwenye mguu wa kumi ndipo zifanye kazi.

Na kwa nini ulivunjika mlango wa ng'ombe, si wa bustani? Kwa sababu bomba la birika ni nene, valvu yake kubwa, koili yake kubwa. Fahali wa upande ule alikuwa na nguvu zaidi. Basi. Hakuna ukoo hapo, hakuna mahari.

Nikaweka chipu mpya, nikaunga mguu wa kumi. Nikaongeza dayodi nyingine moja moja palepale kwenye valvu. Taa nikazihamishia upande wa driver. Safari hii nikaazima valvu halisi, nikaifunga na kuifungua mezani mpaka majirani wakaomba nihame na kelele zangu.

Halafu nikaomba kikao.

Kwa kweli sikwenda kutafuta kazi. Mama mdogo kwenye kikundi walikuwa hawamwachii nafasi ya kukaa kwenye mkeka. Alinidhamini kwa jina lake, na maua ya nyanya yalikuwa yameshadondoka. Nilitaka waone kwamba ulikuwa ubovu, ili yeye apone.

Kikao kikajaa. Ng'ombe upande, bustani upande. Nikafunga mashine. Nikaifungua na kuifunga mara ishirini mbele yao. Tak, tak. Maji yanakwenda juu, yanakwenda chini, kama yametumwa. Nikawaeleza habari ya fahali na mlango, wazee wakatikisa vichwa, waliipenda sana ile. Hata mwenyekiti wa kamati akatabasamu.

Nikaona nimeshinda.

Mama Nyangeta akasimama. Hakupandisha sauti.

"Fundi, sasa hivi inagawa sawa?"

"Inagawa sawa, mama."

"Huo waya uliouongeza leo. Siku ya kwanza ulikuwa unajua kwamba unatakiwa?"

Wakuu, hapo ningeweza kudanganya. Nani pale angejua mguu wa kumi ni upi? Lakini nilikuwa nimekuja kusema ukweli.

"Nilifundishwa, ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua. Ukauacha. Na ulipouacha, maji yakaenda kwa ng'ombe wa mahari yako. Na leo umetaka, imegawa." Akawageukia watu. "Mimi nilikuwa nadhani hawezi. Kumbe anaweza."

Akakaa.

Upande wa ng'ombe baba mkubwa alikuwa anatabasamu peke yake, kama mtu anayesifiwa mtoto. Lile tabasamu lake lilinimaliza kuliko maneno ya yule mama.

Mwenyekiti akauliza, "Katibu wa bustani unasemaje?"

Mama mdogo akasimama na daftari la kikundi. Nilidhani atanitetea. Akatembea mpaka kwa Mama Nyangeta, akaliweka lile daftari miguuni pake, akatoka.

Nikamkimbilia njiani.

"Mama mdogo, unajua sikukusudia."

"Najua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema hukukusudia, wangesema namtetea mwanangu. Ningesema ulikusudia, ningekuwa nimekuuza." Akafunga kitenge vizuri. "Wewe ulikuwa na siku nne nzima za kuniamini, wala sikuwa nimekuomba dayodi. Nilikuambia viatu vimelowa."

Nikabaki kuviangalia viatu vyake. Mimi, ambaye naweza kusimulia kuhusu mende mpaka watu wakalia kwa kicheko.

Mashine imerudi, iko chini ya meza yangu Iringo, nzima kabisa, haina kasoro. Kijiji kimerudi kwenye kufuli mbili. Mama mdogo kikundi amekiacha, sasa analima kipande chake nyuma ya nyumba, na maji anachota kwa ndoo. Nikienda ananipikia, anauliza habari za Musoma. Kuhusu maji hatuongei. Baba mkubwa ndiye anayenipigia kila wiki, akiwa na furaha, ananiuliza lini naleta binti.

Nilichojifunza, nyie vijana mnaofungafunga driver na relay kwenye pampu, mageti na mashine za kusaga: balbu si koili. Jaribu na mzigo wenyewe utakaokaa hapo. Taa weka upande wa kazi, si upande wa amri. Na mtu aliyesimama kwenye maji akikwambia kuna maji, amka uende, hata kama taa yako inasema vingine.

Lakini kubwa kuliko yote, ambalo hakuna mwalimu wa jioni aliyetufundisha: kila kitu unachofunga siku moja kitakufa. Kabla hujakaza skrubu ya mwisho, jiulize kikifa kitafia upande wa nani. Kama ni upande wa ndugu zako, mwachie kazi hiyo fundi wa kabila lingine, au usiitoe ile koki ya zamani.

Haya, uwanja ni wenu. Wa kunicheka anicheke, Bhoke ameshanizoeza. Ila kama kuna mmoja humu aliwahi kukosea kweli, kosa lenyewe likawanufaisha watu wake, naomba aniambie alisafishaje jina. Mimi ukweli nimeshausema mbele ya watu, na ndio ulionifunga.